Kumkalisha na wenye huzuni wenzake, si ndiyo kumwongezea?

Swali: Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Mpwa wangu wa kike ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu Ramadhani iishe amebadilika. Hacheki, netiboli ameacha, daftari lake la hisabati lina kurasa tupu. Ukimuuliza, anasema "nimechoka tu, mjomba." Mama yake, ambaye ni dada yangu, naye ni mtu wa kuwaza sana, kuna wiki hatoki chumbani. Mwalimu wa malezi aliniita akaniambia kuna kikundi cha wasichana wanane kinaanza Jumamosi, cha watoto walio kwenye hatari ya kuugua akili, na angependa mpwa wangu awemo. Shemeji yangu, mvuvi wa dagaa, amekataa. Anasema mtoto wake hapelekwi kwa vichaa. Bibi anataka kisomo. Mimi hofu yangu ni nyingine. Ukimkalisha mtoto mwenye huzuni na wengine saba wenye huzuni, si ndiyo kumwongezea? – Mjomba, Ujiji.

Jibu: Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta dada yako. Umemtaja kwa sentensi moja, kati ya hisabati na mwalimu wa malezi, kisha ukaendelea na safari. Nitarudi kwake, maana naona sehemu kubwa ya jibu lako imelala chumbani mwake. Lakini umeuliza kuhusu kikundi, basi tuanze na kikundi.

Hofu yako ina msingi. Watu wengi, hata wenye vyeti, hudhani ukikusanya vijana wenye shida ukawaweka pamoja na mtu mzima mwenye roho nzuri, lazima watatoka na nafuu. Miaka ya 1990 kule Oregon, Marekani, watafiti walichukua watoto wa miaka 11 hadi 14 walioanza utukutu, wakawaweka kwenye vikundi vya kuwafundisha kujizuia. Walipowafuatilia wakakuta waliopita kwenye vikundi wanavuta sigara kuliko wenzao ambao hawakuwekwa humo, na walimu wanawalalamikia zaidi. Hakuna maajabu hapo. Mmoja akisimulia alivyomtoroka mwalimu, wenzake wanacheka, na kile kicheko ndicho somo analoondoka nalo. Kijiwe chochote cha pale Mwanga kingekwambia hivyo bila utafiti.

Huzuni nayo ina namna yake ya kuharibika ikikusanywa vibaya. Wasichana wakikaa kila wiki kusimuliana yaleyale yaliyowaumiza, wakaondoka bila jambo la kwenda kujaribu, wanakuwa kama ng'ombe aliyelala anacheua. Jani ni lilelile la asubuhi, linapanda, linashuka, linapanda tena. Nimeviona vikundi vya namna hiyo. Vinaanza kwa machozi, vinaisha kwa machozi, na mwezeshaji anaandika kwenye ripoti kwamba washiriki "walifunguka sana". Kama kikundi cha mwalimu wako ni cha hivyo, bora mtoto abaki nyumbani.

Kwa hiyo kinachoamua ni kile kinachofanyika ndani ya kikao chenyewe. Mfano ninaowapa wahudumu wapya ni wa jirani zetu Uganda, kwa sababu ulipima jambo hilohilo. Kaskazini ya nchi ile, wakati watu walikuwa wamekimbia vita na kuishi kambini, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa mafungu matatu. La kwanza lilikaa kwenye vikundi vya mazungumzo yenye utaratibu, mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. La pili lilipewa michezo na sanaa. La tatu lilisubiri zamu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Michezo peke yake haikupunguza sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kuliko kusubiri tu. Mazungumzo yenye utaratibu yaliipunguza, na waliofaidika wazi walikuwa wasichana.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila kijana husaidiwa kuona huzuni yake imefungamana na nini kati ya mambo manne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, maisha kubadilika ghafla, au upweke. Kisha kila wiki anaulizwa: tangu tuachane, lile jambo lako limekwendaje, na wiki hii utajaribu nini? Mazungumzo hayaruhusiwi kutangatanga. Akijaribu na ikashindikana, wenzake wanamsaidia kutafuta njia nyingine. Hakuna kucheua.

Kenya nao walijaribu kitu kifupi zaidi. Vijana wa sekondari 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi waliwekwa kwenye vikundi vidogo, wengine wakifundishwa mbinu za kusoma, wengine wakipitia mpango unaoitwa Shamiri, saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliotoka sekondari karibuni. Matokeo yalipotoka mwaka 2021, waliopitia Shamiri dalili zao zilikuwa zimepungua zaidi. Mimi nilikuwa na mashaka na vijana wa miaka 20 kuongoza watoto wa miaka 15. Nimebadili mawazo, mradi nyuma yao awepo mtu mwenye uzoefu anayekaa nao kila wiki kusikia walichokutana nacho.

Na haya si mambo ya nchi za watu tu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana mpango wa vikundi kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 wenye huzuni na wasiwasi, wenye vikao saba vya watoto na vitatu vya wazazi au walezi. Kabla mwongozo wake haujatolewa mwaka 2023, mpango huo ulijaribiwa nchi kadhaa, na mojawapo ni yetu, kwa watoto wa wakimbizi wa Burundi, ambao kambi zao zilikuwa mkoani kwetu Kigoma. Lilikuwa jaribio dogo la kuona kama inawezekana. Kumbuka tu vile vikao vitatu vya wazazi, nitavirudia.

Nikuoneshe Jumamosi moja ya vikundi vyetu ilivyo. Mambo mengine nimeyageuza ili mtu asijulikane.

Saa nne asubuhi, mkeka chini ya mwembe, nyuma ya jengo ili wapita njia wasione nani yupo. Wasichana wanane. Tunaanza kwa mkono: wiki ikiwa nzuri unaupandisha juu ya kichwa, ikiwa mbaya unaushusha kadiri ilivyokuwa mbaya. Hakuna kueleza, unaonesha tu. Mmoja anakaa kimya, kisha anainama na kugusa kifundo cha mguu. Mwezeshaji hamkimbilii kumbembeleza. Anauliza wengine, "Nani hapa amewahi kufika kifundoni?" Mikono mitano inanyooka. Yule msichana anainua uso na kuihesabu, unaona kabisa midomo yake ikihesabu: moja, mbili, tatu. Alikuwa anadhani yuko peke yake mtaa mzima. Mimi ningeweza kumwambia ofisini kwangu mara kumi kwamba hauko peke yako, asingeniamini. Ile mikono mitano aliiamini.

Hapo ndipo huzuni ya wenzake inapomsaidia. Lakini kikao hakiishii hapo. Anaulizwa ni kitu gani ameacha kufanya tangu ashuke huko chini. Anasema madrasa, kusuka, kwenda kuchota maji na rafiki yake. Tunachagua kimoja, kidogo kabisa. Anataka kuahidi madrasa, mwezeshaji anakataa, ni kubwa mno kwa wiki ya kwanza. Basi Jumanne alasiri atamfuata rafiki yake waende kuchota maji. Msichana wa pembeni anaingilia, "Jumanne maji hayatoki mtaa wao, weka Alhamisi." Wanacheka wote. Inawekwa Alhamisi.

Ukiliangalia juu juu utasema ni upuuzi, mtu ana sonona anaambiwa akachote maji. Lakini sonona inaishi kwa mzunguko. Umechoka, unaacha mambo. Ukiacha mambo, hakuna kinachokufurahisha wala anayekuona. Asipokuona mtu, unachoka zaidi. Mtoto akisubiri hamu irudi ndipo atoke, atasubiri sana. Anatoka kwanza, hamu inamfuata nyuma kwa kuchelewa. Wiki inayofuata anaulizwa Alhamisi ilikuwaje, na kuulizwa huko na watu saba wanaokumbuka kuna nguvu kuliko ushauri wangu.

Wavulana ni habari nyingine, na kule Uganda nako nafuu yao haikuonekana wazi. Kikundi changu cha kwanza cha wavulana kilinifia mikononi. Nilikipanga Alhamisi asubuhi kwenye chumba kilichopakana na kliniki ya wagonjwa wa akili, wote nikawaita kwa majina mlangoni. Wiki ya tatu nilibaki na wawili, na mmoja wao alikuwa amesinzia kwa sababu ametoka ziwani alfajiri. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi vikao vya wavulana wanaovua navipanga kwa mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwa kali taa za dagaa hazivutii kitu, watu wako nchi kavu, wamelala, wana subira. Sikufundishwa hilo chuoni.

Sasa dada.

Marekani, mwaka 2009, yalichapishwa matokeo ya jaribio linalofanana sana na shauri lako. Vijana 316 wa miaka 13 hadi 17, kila mmoja mzazi wake ana sonona au aliwahi kuwa nayo, na kijana mwenyewe ana dalili au aliwahi kuugua. Nusu yao walipata huduma za kawaida. Nusu waliingia kwenye vikundi, wiki nane mfululizo, dakika 90 kila kikao, kisha mara moja kwa mwezi kwa miezi sita. Ilipofika miezi tisa, wasiopitia vikundi 33 kati ya kila 100 walikuwa wamepata sonona. Waliopitia vikundi walikuwa 21. Si muujiza, na anayekwambia kikundi kitamkinga mpwa wako kwa hakika anakudanganya. Lakini kwenye kazi yetu, kinga ya kiasi hicho bila kidonge hata kimoja ni kitu cha kushukuru.

Ila ndani ya hesabu ile kulikuwa na jambo lililonifanya nibadili namna ninavyofanya kazi. Walipowatenga vijana ambao mzazi wao alikuwa anaumwa sonona wakati ule ule kikundi kinaanza, tofauti haikuonekana. Kikundi kwao hakikuzidi huduma za kawaida. Nafuu yote ilikuwa kwa wale ambao mzazi wao wakati ule hakuwa anaumwa.

Kuna utafiti mwingine, wa mwaka 2006, ulioanzia upande wa pili. Wanawake 151 waliokuwa wakitibiwa sonona walifuatiliwa pamoja na watoto wao. Watoto wenyewe hawakuguswa na watafiti, aliyetibiwa ni mama. Baada ya miezi mitatu, watoto ambao mama zao wamepona walikuwa na matatizo machache kuliko mwanzo. Ambao mama zao hawajapona, matatizo yao yalikuwa yameongezeka.

Huna haja ya Marekani kulielewa hili. Mpange mpwa wako vizuri Jumamosi, achague Alhamisi yake ya kuchota maji. Anarudi nyumbani, mama amejifunika shuka tangu asubuhi, wadogo zake hawajala, baba yuko ziwani. Nani atapika? Alhamisi imekwisha hapo. Na nikuulize: lile "nimechoka tu", uliwahi kulichukua kama lilivyo? Inawezekana ana huzuni, na inawezekana pia amechoka kweli, kwa sababu ana miaka 15 na anaendesha nyumba. Watoto wa mama mwenye sonona hubeba na lingine wasilolitamka: wanadhani mama amekuwa hivyo kwa sababu yao.

Kwa hiyo wa kwanza kupelekwa ni dada yako, ikiwezekana kabla ya Jumamosi ya kwanza. Anzia kituo cha afya cha karibu, mwambie mhudumu waziwazi kwamba kuna wiki hatoki chumbani, usiseme "ana malaria isiyoisha". Wakiona inawazidi wampe rufaa Hospitali ya Mkoa Maweni. Nenda naye wewe mwenyewe. Mtu mwenye sonona akiambiwa "nenda hospitali" atakubali na hataenda, hana nguvu ya kufika kituo cha daladala.

Akipewa dawa, mara nyingi itakuwa amitriptilini au fluoksetini. Zote hazifanyi kazi kesho. Zinahitaji wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi kabla moyo haujainuka, na wiki hizo za mwanzo ndizo watu wanazitupa wakisema hazifai. Asiache bila kurudi kwa aliyemwandikia. Na hapa nakuomba unisikilize sana. Vidonge hivyo vikae kwako au mahali panapofungwa kwa ufunguo, apewe vya siku chache chache. Amitriptilini nyingi kwa mara moja inaua, na ndani ya nyumba hiyo kuna watu wawili ambao hatujui huzuni yao ina kina gani. Dawa za panya na za kunyunyizia shambani nazo zitoke chumbani.

Tena mtoto asimegewe dawa za mama yake, hata zikionekana kumsaidia mama. Nimewaona wanaogawana kama wanavyogawana panadoli. Kwa umri wa mpwa wako tunaanza na mazungumzo. Dawa ni hatua ya baadaye, nayo huamuliwa na mtaalamu aliyemkagua yeye mwenyewe.

Hilo linanileta kwenye neno "hatari" alilolitumia mwalimu. Mwalimu anaona mtoto aliye hatarini. Mimi kwa ulivyoeleza sina uhakika kama bado yuko hatarini tu au ameshaingia. Kama hali hii iko karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, halafu shule imeshuka na michezo ameacha, anastahili kuangaliwa kwanza na mtu wa afya ya akili, kisha ndipo iamuliwe kama kikundi kinamtosha. Ataulizwa maswali machache: usingizi, chakula, nguvu, kujilaumu, na kama amewahi kufikiria kufa. Usishtuke swali hilo likiulizwa mbele yako. Kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo. Aliye nalo huwa amelibeba peke yake muda mrefu, na wengi hushusha pumzi kwa kuulizwa.

Unaweza kumuuliza hata wewe, leo jioni, mkiwa wawili: "Imewahi kufika mahali ukatamani usiwepo?" Akisema ndiyo, na hasa akiwa na njia au siku kichwani, usisubiri Jumamosi ya kikundi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Vivyo hivyo akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akiacha kula kabisa. Namba 116, simu ya mtoto, haina malipo na unaweza kupiga wewe au yeye.

Kwa shemeji sasa. Usimfuate na hoja wakati anatengeneza nyavu jioni, anawaza usiku utakuwaje. Msubiri mbalamwezi. Akikwambia "kwa vichaa", usimbishie neno, mweleze hesabu. Duniani, kati ya magonjwa yote ya akili, karibu nusu huanza kabla mtu hajafika miaka 18, na thuluthi moja kabla ya miaka 14. Maana yake huu ndio umri wa kuangalia, kama tunavyompima mtoto mchanga uzito kabla hajakonda. Na kuwa hatarini si kuugua. Hata vijana wenye dalili za mwanzo zinazotisha zaidi, za kuanza kuona na kusikia kidogo vitu visivyopo, ndani ya miaka mitatu wanaofikia ugonjwa kamili ni kama robo tu. Wengi hawafiki. Mwulize kama mtoto anayelala ndani ya chandarua anaitwa mgonjwa wa malaria. Akicheka, umeshapita nusu ya njia.

Mkubalie na lililo la kweli kwenye hofu yake. Ujiji ni mtaa mmoja mrefu, kila mtu anamjua kila mtu, na jina likishabandikwa halibanduki. Kwa hiyo mwombe mwalimu kikundi kisiitwe cha "walio hatarini" mbele ya wanafunzi, kisikutane mlango wa kliniki, na wasichana waahidiane kwamba ya mkekani yanabaki mkekani. Wazazi wengi wanaokataa hukubali wakiona hilo limefikiriwa.

Bibi mwache asome. Mtoto kusomewa Kurani na bibi anayempenda, mkono kichwani, hakujawahi kumharibu mgonjwa wangu yeyote. Ninachokataa ni kupigwa, kufukizwa hadi akose pumzi, kunyimwa chakula au kufungwa, na kusomewa badala ya kutibiwa. Mwombe bibi awe upande wenu, yeye ndiye anayeweza kumwambia dada yako kwamba kwenda hospitali si upungufu wa imani.

Kuhusu kikundi chenyewe, nenda umuulize mwalimu mambo machache. Nani anaongoza, amefundishwa na nani, na yeye akikwama anamweleza nani? Kina wiki ngapi? Kisicho na mwisho kinanitia shaka, na kinachopokea watu wapya kila wiki kinanitia shaka zaidi, kwa sababu siri haiwezi kukaa kwenye mlango ulio wazi. Wasichana wanane ni idadi nzuri. Wote wana umri unaokaribiana? Wa miaka 11 na wa miaka 18 hawana huzuni moja. Je, wamechaguliwa kwa huzuni na wasiwasi, au wamechanganywa na waliosumbua darasani ili mwalimu apumzike? Kumbuka Oregon. Halafu muulize swali ambalo jibu lake litakwambia karibu kila kitu: msichana mmoja akisema mkekani kwamba anataka kufa, mtafanya nini dakika hiyo? Akikujibu kwa jina la mtu na namba ya simu, mpeleke mtoto. Akisema "tutamfariji", subiri kwanza.

La mwisho kumuuliza ni kama wazazi wana kikao. Kama kipo, kitawafundisha kumsikiliza mtoto bila kumkatiza, kumsifu kwa dogo alilofanya, kuacha kumchapa, na jinsi mzazi mwenyewe anavyoweza kubeba msongo wake. Dada akiwa hajiwezi, nenda wewe. Mwombe mwalimu akiweke siku ambazo wavuvi wako nyumbani, shemeji asiwe na kisingizio.

Na kuna kazi moja ambayo haiko kwenye mwongozo wowote na hakuna wa kuifanya isipokuwa wewe. Jumamosi, saa tatu hadi saa saba, wadogo zake mpwa wako wakae dukani kwako. Wape vipande vya kitenge wacheze chini ya cherehani. Jumatatu na Alhamisi, mtu mwingine apike kwa dada, mkeo, jirani, mpangane. Ukiweza hayo tu, umemrudishia yule mtoto muda wa kuwa na miaka 15, na kikundi kitapata mahali pa kushika.

Akirudi Jumamosi ya kwanza usimhoji mmezungumza nini. Amewaahidi wenzake. Wiki mbili tatu za mwanzo anaweza kurudi mzito kuliko alivyoondoka, hilo ni la kawaida, usimwondoe kwa sababu hiyo. Ukifika kikao cha nne hujaona hata dalili moja ya kurudi kwenye mambo yake, mrudishe kwa aliyemkagua.

Ukiniandikia tena, anza na habari za dada.